Hesabu inasema mita 40, kokwa la parachichi linatua 33. Mita saba zinaishia wapi?

#1 Kokwa_la_Uyole

Wakuu salaam.

Mtoto wa dada yangu yuko kidato cha tano PCM (Fizikia, Kemia, Hisabati), kaja likizo kwangu hapa Uyole, Mbeya. Projektaili (mwendo wa vitu vinavyorushwa) anazikariri kama ngonjera, nikaona tutoke nje tukarushe kitu. Tumetengeneza manati ya kudumu: panda ya mpera imegongelewa kwenye ubao, mpira wa tyubu ya baiskeli, protrakta ubavuni, na uzi wenye nati unaning'inia kutuonyesha pembe. Risasi ni kokwa za parachichi, huku kwetu hazikosekani.

Kasi ya kuanzia, yaani u, tuliitafuta hivi. Unavuta mpira hadi alama ileile, unarusha wima juu, unapima muda kwa saa ya simu mpaka kokwa ligonge chini. Inakuja sekunde 4.1. Kwa hiyo u = gT ÷ 2 (g ni mvutano wa dunia, T ni muda wote hewani), yaani 9.8 × 4.1 ÷ 2, sawa na mita 20 kwa sekunde na chenji kidogo.

Tukaweka nyuzi 45. Kanuni ya masafa: R = u² sin 2θ ÷ g, θ ikiwa pembe. Sin 90 ni 1, hivyo 400 ÷ 9.8 = mita 40.8.

Uwanjani kokwa linatua 33, mara 34, moja moja 32. Na tukishusha pembe hadi 40 linaenda mbele kidogo kuliko 45, wakati kitabu kinasema 45 ndiyo mwisho wa mambo. Dogo ameshatangaza kwamba kanuni ni za kufaulia mtihani tu. Nipeni jibu la kumpa kabla hajarudi shule.

#2 Sae_Mwisho

Hewa. Uzi ufungwe.

#3 Mnyalu_Halisi

Kamwene. Msifunge, wengine ndio tunafungua maji ya kunywa.

Mkuu, angalia kalkuleta. Ikiwa kwenye radiani (kipimo kingine cha pembe badala ya nyuzi), sin 90 inakupa 0.894 na jibu linakuwa 36.5. Hapo tayari umesogea karibu na 33. Mdogo wangu aliwahi kuweka nyuzi 30 kwenye radiani akapata masafa ya hasi mita 12, akaandika na kipimo chini yake bila wasiwasi. Jiwe limeruka likampita mwenyewe kwa nyuma.

#4 Chuma_cha_Mafiati

@Mnyalu_Halisi soma tena #1. Jamaa katumia sin 90 = 1, hakubonyeza kitu. Na kalkuleta ikikosea inakosea kwenye daftari, kokwa la uwanjani halijui radiani.

Mimi swali langu ni lingine. Mlirusha wima juu halafu mkasimama hapohapo mnasubiri lirudi? Kofia ya bodaboda mlivaa?

#5 Kokwa_la_Uyole

Dogo alivaa sufuria. Tuendelee.

#6 Mwl_Mstaafu

Nimefundisha somo hili miaka mingi Iringa, na hili swali la mita zilizopotea ni zuri kuliko maswali mengi ya mtihani.

Dogo aelewe kwanza kanuni imetoka wapi, ndipo aitukane. Mwendo umegawanywa sehemu mbili zisizoingiliana. Mlalo: hakuna kani, kasi ni u cos θ mwanzo hadi mwisho. Wima: mvutano peke yake, kasi inaanza u sin θ, inapungua, inakuwa sifuri kileleni, inarudi. Muda wa kwenda na kurudi ni 2u sin θ ÷ g. Zidisha muda huo kwa kasi ya mlalo, 2 sin θ cos θ inageuka sin 2θ, umemaliza. Ndiyo maana 30 na 60 zinatoa masafa sawa, mita 35.3 kwa kasi yenu: moja inakaa hewani muda mfupi na kukimbia, nyingine inakaa sana na kwenda polepole.

Sasa hesabuni vitu tulivyovinyamazia. Hakuna hewa. Linapotua ni usawa uleule lilipoondokea. Ardhi imenyooka. Na ile u mliyoipima wima ndiyo u iliyotoka kwenye 45. Kila kimoja kikivunjika, mita zinaondoka au zinaongezeka.

Kwa hiyo nijibuni. Manati iko juu ya nini? Uwanja umelala au una mteremko? Na mlipima lilipotua, au lilipoishia kubiringika?

#7 Kokwa_la_Uyole

Shikamoo mwalimu. Manati iko juu ya meza, mdomo uko kama mita 1.2 kutoka chini. Tunapima alama ya kwanza kwenye vumbi, dogo anakaa huko mbele kuiangalia. Uwanja una mwinuko kidogo. Tunarushia upande wa kupanda, maana upande wa kushuka kuna viazi vya jirani na jirani mwenyewe ni mkali.

#8 Binti_wa_Kalenga

Basi tumempata mwizi wa kwanza. Kwenye ardhi inayopanda kwa pembe α, masafa ya kufuata ardhi ni 2u² cos θ sin(θ − α) ÷ (g cos² α). Huku kwetu uwanja "wenye mwinuko kidogo" unaweza kuwa nyuzi 3 bila mtu kushtuka. Weka 3, unapata 38.7. Mita mbili zimeshaondoka.

Lakini hapohapo kuna tatizo. Ardhi ikipanda, pembe bora *inapanda*: ni 45 kujumlisha nusu ya mwinuko, yaani 46.5. Wewe unasema 40 ndiyo inashinda. Mwinuko unakuibia mita, sawa, ila pembe unaisukuma upande wa pili. Kwa hiyo si peke yake.

#9 Sae_Mwisho

Nilisema hewa.

#10 Tufe_la_Zamani

Mimi nilirusha tufe UMISETA, michezo ya shule za sekondari. Hakuna kocha anayekwambia 45. Warushaji wakubwa wa dunia wanaachia tufe kwenye nyuzi 37 hivi. Sababu ya kwanza, tufe linatoka juu ya bega, mita mbili kutoka chini. Sababu kubwa zaidi, mkono wa binadamu unasukuma kwa nguvu mbele kuliko juu. Ukiinua pembe, kasi inashuka. Kwenye kuruka chini (mruko mrefu) ni balaa zaidi: wanaondoka kwenye nyuzi 20 tu, kwa sababu mtu anayekimbia hawezi kugeuza kasi yote iende juu.

Kwa hiyo naamini u yenu ya wima si u ya 45. Mpira nao unachoka ukielekea juu.

#11 Mwl_Mstaafu

@Tufe_la_Zamani ya bega nakubali mia kwa mia. Ya manati hapana. Kokwa la gramu 50 likitoka na mita 20 kwa sekunde lina jouli 10. Kuliinua sentimita 40 za mvuto wa mpira wima juu kunakula jouli 0.2. Ni asilimia 2 ya nishati, asilimia 1 ya kasi. Tena ikumbukwe inaelekea upande usiotakiwa: kurusha wima kungempa u *ndogo* kuliko ile ya 45, na kwa hiyo uwanjani kokwa lingepita hesabu badala ya kupungukiwa.

#12 Fundi_Mbalizi

Ongeza baridi basi. Mlirusha asubuhi ya Juni na Uyole ilivyo? Mpira wa tyubu ukipoa unakuwa mgumu, unarudi kivivu, nishati inapotelea ndani yake kama joto. Mimi naziba pancha, naujua. Mkipima u saa saba jua likiwaka halafu masafa mkapima asubuhi yake, hizo ni manati mbili tofauti.

#13 Kokwa_la_Uyole

Fundi umenigusa. Ya wima tulifanya mchana, ya 45 kesho yake asubuhi.

#14 Fundi_Mbalizi

Sisemi tena.

#15 Mzaramo_Mtaalamu

Nyie watu wa nyanda za juu mna bahati mnaichezea. Mbeya iko mita 1,700 juu ya bahari. Mvutano mdogo, hewa nyepesi. Mlitakiwa *kupita* mita 40, si kupungukiwa. Si ndiyo maana Bob Beamon aliruka mita 8.90 kule Mexico City 1968?

#16 Binti_wa_Kalenga

@Mzaramo_Mtaalamu mvutano wa Mbeya ni kama 9.78. Weka kwenye kanuni badala ya 9.8: unapata sentimita 8 za ziada. Ukitumia 10 kama wengi tulivyozoea kidato cha nne unapoteza sentimita 80 kwa kuzungusha namba tu, na hakuna anayelalamika.

Ya hewa una hoja. Kimo hicho hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya pwani. Nyepesi, lakini ipo. Kanuni inadai isiwepo kabisa, hivyo hata Mbeya hamwezi kupita 40.8 kwa sababu hiyo.

#17 Terminal_ya_Iyunga

Nimekaa na kompyuta. Mkuu, nipe kipenyo cha kokwa.

#18 Kokwa_la_Uyole

Sentimita nne na nusu. Mizani ya duka la hapa jirani inasema gramu 50. Ni yale maparachichi makubwa ya kienyeji.

#19 Terminal_ya_Iyunga

Sawa. Hewa inapokuwepo hakuna kanuni fupi ya kukariri, unakwenda kwa hatua ndogo ndogo: kila sehemu ya sekunde unatafuta kani ya hewa, unapunguza kasi, unasogeza kokwa, unarudia. Kani yenyewe inakua kwa mraba wa kasi: nusu ya uzito wa hewa kwa mita ya ujazo, mara kigawo cha umbo, mara eneo la uso, mara v². Nimechukua 1.04 kwa hewa ya Mbeya na 0.47 kwa kitu cha duara.

Mwanzoni kabisa, hewa inalivuta kokwa nyuma kwa kani inayokaribia theluthi ya uzito wake. Si mchezo. Na matokeo, nyuzi 45, mita 20 kwa sekunde: linatua mita 33. Dar lingepoteza mita moja zaidi. Pembe bora nayo inashuka chini ya 45, inakaa 42 au 43, kwa sababu kukaa hewani muda mrefu sasa kuna gharama.

#20 Sae_Mwisho

#2. Nawasikiliza.

#21 Chuma_cha_Mafiati

Tutakukoma leo.

#22 Mwl_Mstaafu

Kijana wa Iyunga, kazi nzuri sana. Ila msisherehekee, hiyo 33 ni nzuri kupita kiasi.

Moja: umeondoa meza. Kimo cha mita 1.2 kinaongeza kama mita moja mwishoni, uko 34. Pili: mwinuko wa Binti unaondoa mbili, uko 32. Tatu, na hili ndilo kubwa: u = 20 imetoka kwenye kurusha wima kwa kanuni isiyo na hewa! Kwani wakati linapanda wima hewa ilikuwa imeenda wapi? Endesha tena programu yako wima, u = 20, uniambie saa inasoma ngapi.

#23 Terminal_ya_Iyunga

Sekunde 3.8.

#24 Mwl_Mstaafu

Na wao walisoma 4.1. Kwa hiyo kasi halisi ni zaidi ya 20.

#25 Terminal_ya_Iyunga

Nimeweka kila kitu pamoja. Ili saa isome 4.1 ukihesabu hewa na meza, u inatakiwa 21.3 hivi. Kwa u hiyo, hewa, meza na mwinuko wa nyuzi 3, kokwa linatakiwa kutua 35 na kitu. Sasa tumekosa mita *mbili* badala ya saba.

#26 Chuma_cha_Mafiati

Maendeleo. Kufika Pasaka tutakuwa tumebakiza sentimita.

#27 Fundi_Mbalizi

Mbili hizo ni za baridi. Nimesharudi.

#28 Dada_Physics

Habari zenu. Nimesoma uzi wote, hamjamuuliza mtu mwenye saa. Kidole cha binadamu kinachelewa kama sehemu ya kumi mbili za sekunde, wakati mwingine kinawahi kwa sababu unaliona kokwa likija. Masafa yanafuata *mraba* wa kasi. Kosea 0.2 kwenye 4.1 umekosea asilimia 5 ya u, asilimia 10 ya R. Hiyo ni mita nne kwenda au kurudi. Mnagombania mita mbili wakati kidole peke yake kina nne.

Na hiyo ya 40 kushinda 45 nayo msiichukulie kama imethibitika. Bila hewa, nyuzi 40 inatoa 40.2 na 45 inatoa 40.8. Kileleni pale mkunjo umelala, sentimita 60 tu. Kokwa zenyewe zinatawanyika kati ya 32 na 34. Mngepata jibu lolote kati ya 38 na 48 mkaliita pembe bora.

#29 Kokwa_la_Uyole

Dada ahsante, hiyo ya mraba dogo ameiandika. Ila 40 ilishinda mara nyingi, si mara moja.

Halafu kuna jambo limenishtua. Nimepima kokwa zote mizani ileile: moja 50, nyingine 46, kuna mbili zina 38. Dogo anasema haihusu, mwalimu wake alisema uzito hauhusiki kwenye projektaili.

#30 Mwl_Mstaafu

Mwalimu wake kasema kweli na dogo kaisikia nusu. Likishaachia mpira, na kama hakuna hewa, uzito hauhusiki. Kabla ya kuachia unahusika mno. Mpira una jouli zake kama 10 kila ukivutwa hadi alama. Umpe kokwa la gramu 38 badala ya 50, jouli zilezile zinalitoa kwa karibu mita 23 kwa sekunde. Na likishatoka, hewa inalisumbua jepesi zaidi kuliko zito.

Lile mlilopimia kasi wima ndilo mlilorushia 45?

#31 Kokwa_la_Uyole

La wima lilipasuka.

#32 Mnyalu_Halisi

😂😂 Kwa hiyo u ni ya marehemu.

#33 Binti_wa_Kalenga

Kama la kwanza lilikuwa jepesi, u iliyopimwa ni kubwa kuliko ya yale yaliyofuata, na mita mbili zinapatikana bila baridi wala kidole. Kama lilikuwa zito, tunarudi kwa fundi.

#34 Mhehe_wa_Mizinga

Nyie mnacheza na kokwa. Oktoba 1894 Wajerumani walipiga ngome ya Mkwawa pale Kalenga kwa mizinga. Mnadhani walitumia sin 2θ?

#35 Chuma_cha_Mafiati

Nilijua tu lazima Mkwawa aingie.

#36 Terminal_ya_Iyunga

@Mhehe_wa_Mizinga hawakutumia, na swali lako si baya. Parabola, yaani mkunjo unaofuatwa na kitu kilichorushwa, aliichapisha Galileo 1638, na 45 ilishasemwa na mwanahisabati Tartaglia 1537, lakini wapiga mizinga kwa karne nyingi walitegemea majedwali yaliyotokana na kurusha kweli na kupima, kwa sababu ya hewa hiihii.

Tena kuna kioja. Hewa si lazima ishushe pembe chini ya 45. Mzinga wa Wajerumani uliopiga Paris 1918 kutoka zaidi ya kilomita 100 ulielekezwa *juu* ya 45. Risasi ikifika haraka kwenye hewa nyembamba kule juu, sehemu kubwa ya safari inakuwa haina upinzani.

#37 Sae_Mwisho

Narudia, hewa.

#38 Dada_Physics

Sae, hata mkuki? Mkuki hewa inaubeba. Mjerumani Uwe Hohn alirusha mita 104.80 mwaka 1984, viwanja vikaanza kuonekana vidogo, 1986 wakasogeza kitovu cha uzito mbele ili udondoke mapema. Sema hewa ya aina gani, usiseme hewa tu.

#39 Mkulima_wa_Mwinuko

Samahani naingilia. Nina tanki juu ya kilima, liko mita 10 juu ya shamba la viazi. Nataka mpira urushe maji mbali iwezekanavyo bila pampu. Hii kanuni inanifaa?

#40 Binti_wa_Kalenga

Inakufaa na inatoka tamu. Maji yakishuka kimo H bila kupoteza kitu yanatoka na u² = 2gH. Iweke kwenye R = u² ÷ g kwa nyuzi 45, g inakatana na g. Inabaki R = 2H. Kimo mita 10, masafa mita 20, iwe Mbeya, iwe mwezini. Nyuzi 45 lakini usiifuate kwenye maji: mkondo unavunjika matone madogo, upepo unayachukua. Vinyunyizio vya dukani vingi vimewekwa chini ya nyuzi 30.

#41 Mkulima_wa_Mwinuko

Dada nimeelewa, ila yangu hayafiki hata 12.

#42 Fundi_Mbalizi

Mpira wa ukubwa gani na mrefu kiasi gani?

#43 Mkulima_wa_Mwinuko

Nusu inchi. Kama mita mia toka kwenye tanki, na koki mbili katikati.

#44 Fundi_Mbalizi

Achana na pembe kwanza. Kimo chako chote kinaishia kusugua ukuta wa bomba. Toka tanki mpaka shambani weka inchi moja, ndogo iwe mwishoni tu pale pa kurushia, na hizo koki toa moja.

#45 Mwl_Mstaafu

Inchi moja haitoshi kwa mita mia. Moja na robo.

#46 Fundi_Mbalizi

Mwalimu, bei ya moja na robo unaijua?

#47 Kokwa_la_Uyole

Tunaomba mjadala wa bomba mfungue uzi wenu. Mimi nakwenda sokoni Mwanjelwa kutafuta kokwa za uzito mmoja, na dogo kaniagiza mizani ya keki.